Waliokata Pori Wana Majina

Nimechoka kusikia kwenye semina kwamba makazi ya Katumba, Ulyankulu na Mishamo "yalijengwa na wafadhili". Hapana, jamani. Waliyajenga Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, na wengi wao sasa wamelala kwenye udongo huohuo walioulima.

Tukumbushane. Serikali ya Tanzania ilitoa ardhi. Mashirika yakaleta chakula cha kuanzia, mbegu na majembe. Hilo nalikubali, na asante. Lakini kule palikuwa pori la miombo, mbung'o na wanyama wakali. Visiki aling'oa nani? Ni baba na mama, kwa shoka na jembe la mkono. Mahindi, maharage na muhogo vikatoka, Ulyankulu wakalima na tumbaku, na baada ya miaka michache watu wakawa wanajilisha wenyewe.

Walipopewa nafasi ya kuchagua, kurudi Burundi au kuomba uraia, zaidi ya watu 160,000 waliomba uraia. Halafu wakaambiwa watahamishiwa mikoa mingine. Mwisho wake mpango huo uliachwa, na mwaka 2014 vyeti vya uraia vikaanza kugawiwa. Kwenye karatasi, kuhama ni lori na mizigo tu. Lakini kaburi la mzee aliyefungua shamba lako unalipakia wapi?

Wapo watakaosema: "Kambi ni ya muda, kumbukumbu za nini?" Hata Katumba iliitwa ya muda. Nyarugusu ilifunguliwa kwa ajili ya Wakongomani mwaka 1996. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ana watoto wake. Muda gani huo?

Tazama sisi tunavyowaaga watu wetu. Mtu akifa, jina linafutwa kwenye orodha ya mgao, idadi ya familia inapungua, basi. Kibao cha mradi kinabaki na jina la mfadhili. Aliyekusanya watoto chini ya mti kabla shule haijajengwa, mama aliyezalisha wenzake usiku bila taa, hawapo popote.

Ndugu zangu wa mashirika, mkiandika kibao, ongezeni mstari mmoja wa waliochimba msingi na kubeba matofali. Hautaharibu bajeti.

Na sisi wakazi tusijifiche nyuma ya mashirika. Kila kijiji kiwe na daftari: jina la marehemu, alikotoka, alichoanzisha. Vijana, anzeni na akina bibi, maana karatasi nyingi ziliandika mwanaume kuwa mkuu wa familia, na kazi ya mwanamke ikamezwa humo. Tusipoandika, atakayekuja kesho atasema hapa palikuwa na wapokea msaada tu, na hatutakuwa na la kumjibu.

Wazee wanaondoka. Daftari na kalamu havisubiri mfadhili.