BUSTANI YA NYUMBANI: Maboga Hayazai Pasipo Nyuki

Mvua za masika zinapoanza kunyesha Kampala mwezi wa Machi, mama wa nyumba hushika jembe. Hata katika kambi ambamo ua ni mdogo, pana nafasi ya tuta la dodo, la nakati, na shina moja la boga karibu na ukuta.

Lakini mara nyingine hutokea jambo la kusikitisha. Boga limetambaa, maua ya manjano yamejaa, wala hapana tunda. Viboga vichanga hugeuka rangi, huoza na kuanguka. Huyu husema mbegu ilikuwa mbaya. Yule husema ni kijicho cha jirani. Sababu yaweza kuwa nyingine kabisa: nyuki hawakufika.

Boga lina maua ya namna mbili. Ua dume husimama juu ya kikonyo kirefu chembamba. Ua jike huwa na kiboga kidogo chini yake. Ua jike hufunguka alfajiri, hufunga kabla ya adhuhuri, na halifunguki tena. Ungaunga wa ua dume ni mzito wenye kunata, hauchukuliwi na upepo. Nyuki ndiye tarishi wake. Basi anayepuliza dawa ya wadudu asubuhi humwua tarishi huyo akiwa kazini. Tena dawa hiyo huangukia dodo na majani machanga ya boga, ambayo watoto watayala jioni.

Yafaa viwavi viokotwe kwa mkono, na vidukari vioshwe kwa maji yenye sabuni kidogo. Ikilazimu kutumia dawa, ipulizwe jioni, nyuki wakiwa wamerudi mzingani, na mboga zisichumwe mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa. Vyura na mijusi wasifukuzwe, kwani hula wadudu bila kudai mshahara. Pembeni mwa ua upandwe mrehani na uachwe utoe maua. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, sahani ya maji yenye vijiwe huwafaa nyuki na ndege. Maji yabadilishwe kila siku, yasije yakazaa mbu.

Ikiwa nyuki ni wachache, mtu aweza kufanya kazi yao. Saa moja asubuhi huchuma ua dume lililofunguka, huondoa majani yake ya manjano, kisha hupakaza ungaunga wake taratibu katikati ya ua jike. Ua dume moja latosha maua jike mawili au matatu. Askari aliyezoea kuamka mapema kwa gwaride hatapata taabu.

Aliyekosa maboga msimu huu asing'oe tamaa. Mvua za pili huanza Septemba hadi Novemba. Ahifadhi mbegu, na bomba la dawa alitundike.