Mafahali Watatu katika Zizi Moja



Wapendwa wasomaji, wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hata hivyo, usiku wa tarehe 7 Julai 1990, mkesha wa fainali ya Kombe la Dunia, mafahali watatu waliingia zizi moja katika magofu ya mabafu ya kale ya Caracalla mjini Roma, na hakuna aliyepigwa pembe. Luciano Pavarotti wa Italia, pamoja na Plácido Domingo na José Carreras wa Hispania, walikuwa wamekwisha kufika kileleni katika uimbaji wa opera, kila mmoja kwa njia yake. Santuri iliyorekodiwa usiku ule iliuzwa kupita santuri zote za muziki wa aina hiyo. Juma hili tunapenda kujiuliza: ni kitu gani kinachowawezesha wakubwa wa muziki kuimba pamoja bila kuuharibu wimbo?

Jibu la haraka ni kugawana kazi. Mfano mzuri ni Les Quatre Étoiles, yaani Nyota Wanne, Wakongo waliounda kundi lao mjini Paris mwaka 1982. Nyboma na Wuta Mayi waliimba. Syran Mbenza na Bopol Mansiamina walishika magitaa. Wote walikuwa na majina tayari. Wuta Mayi, kwa mfano, alikuwa ametoka katika TPOK Jazz ya Franco. Tena kila mmoja aliendelea kutoa santuri kwa jina lake mwenyewe, wenzake wakimsindikiza. Mwenye nyumba yake hana haja ya kugombea chumba kwa jirani.

Lakini jibu hilo haliwatoshi wale wa Roma, kwani wote watatu ni sauti ya tatu! Kila mwanakwaya anajua maana yake. Waketishe waimbaji watatu hodari wa sauti ya tatu katika benchi moja, na kabla ya Komunyo utakuwa umekwisha kusikia mashindano. Hapakuwa na kazi za kugawana pale. Basi palikuwa na nini?

Palikuwa, kwanza, na sababu. Mwaka 1987, akiwa na umri wa miaka 40, Carreras aligundulika kuwa na saratani ya damu. Alitibiwa Barcelona, kisha Seattle nchini Marekani, akapandikizwa uboho, na mwaka 1988 akarudi jukwaani na kuanzisha wakfu wa kupambana na ugonjwa huo. Usiku wa Caracalla ulikuwa wa kumpokea aliyerudi kutoka mlangoni pa kaburi, na pia wa kuuchangia wakfu wake.

Hapa yatupasa kusahihisha jambo. Ipo hadithi isemayo kwamba Domingo, aliyekuwa hasimu wa Carreras, ndiye aliyemlipia matibabu kwa siri kupitia shirika alilolianzisha kwa ajili hiyo. Ni hadithi tamu, nasi tuliwahi kuisimulia mimbarini bila kuichunguza. Wakfu wa Carreras umeikanusha. Tunaomba radhi kwa waliotusikia. Ukweli wenyewe hauna utamu huo, ila kwetu sisi unatosha: mtu aliyekuwa akikata tamaa ya kuishi alisimama akiimba kati ya wenzake wawili, na mbele ya jambo kama hilo ni vigumu kuanza kupima nani ana kifua kikubwa zaidi.

Aidha, palikuwa na mtu wa nne. Zubin Mehta aliongoza okestra mbili zilizounganishwa, moja ya Firenze na nyingine ya Roma. Yeye hakuwa mwimbaji, hivyo hakuwa na sauti ya kuitetea. Wakubwa ambao wasingekubali kuongozwa na mmoja wao walimfuata yeye bila aibu.

Tena palikuwa na mzaha, na hili twaliona kubwa kuliko linavyodhaniwa. Walipofika kwenye O sole mio, Pavarotti aliitetemesha sauti yake kwa muda mrefu kwa mbwembwe zake zote. Wimbo uliporudiwa, Domingo na Carreras wakamwigiza, tetemesho lilelile, watu wakacheka. Mtu anayemwonea mwenzake wivu kwa dhati hawezi kumtania hivyo mbele ya umati, wala anayetaniwa hawezi kuvumilia.

Walikutana tena Los Angeles mwaka 1994, Paris mwaka 1998, Yokohama mwaka 2002, kila mara Kombe la Dunia lilipochezwa. Sauti bado zilikuwa nzuri, lakini sababu ilikuwa imebadilika. Mwaka 2003 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliamua kwamba kampuni ya PolyGram ilikuwa imekubaliana na Warner, kinyume cha sheria, kutopunguza bei wala kutotangaza santuri za 1990 na 1994 wakati ile ya 1998 ikiingizwa sokoni. Walihofia kwamba mnunuzi angechagua zile za zamani kwa bei nafuu. Yaani mshindani wa kuogopwa alikuwa ni wao wenyewe, wa miaka minane iliyotangulia.

Katika kabati letu ipo ile ya 1990 peke yake, nayo ni kanda iliyokwisha kulegea, ambayo hukwaruza kidogo pale penye kicheko.