Kona ya Hesabu: Vitunguu vya Babu

Wapenzi wa fasihi mtuwie radhi, safari hii kona yetu ina hesabu kidogo. Muhula huu tumesoma nadharia ya matarajio razini, yaani matarajio ya mtu anayetumia akili na habari zote alizo nazo. Aliibuni John Muth mwaka 1961.

Vitabuni mfano huwa ni nguruwe. Sisi tumechagua vitunguu. Mkulima hupanda leo na kuuza baada ya miezi, kwa hiyo hupanda kwa kufuata bei anayoitarajia. Tuseme bei itakayotokea sokoni ni 100 kutoa ile waliyoitarajia wakulima: wakitarajia kubwa, watapanda vingi, bei itashuka. Sasa wote wakitarajia bei ya msimu uliopita, nayo ilikuwa 60, msimu huu itakuwa 40, ujao 60, kisha 40 tena. Wanakosea kila msimu, tena kwa namna ileile. Hakuna atakayeshtuka?

Tarajio lisilojikanusha ni moja tu: 50. Wote wakilitarajia, ndilo linalotokea. Hiyo ni nukta tuli. Mwaka 1954 Grunberg na Modigliani, na Herbert Simon kivyake, walishatumia kanuni ya Brouwer kuonyesha kwamba utabiri uliotangazwa unaweza kutimia hata kama watu wakiusikia watabadili mwendo, mradi wasibadilike kwa kuruka ghafla. Muth naye hakusema kila mkulima anapatia. Alisema makosa yao, kwa wastani, hayaelemei upande wowote.

Hapo tukabishana. Babu wa mmoja wetu analima vitunguu Tanzania, na msimu mmoja aliviacha vikaoza shambani kwa sababu bei isingelipa hata magunia. Basi nadharia inamwona mjinga? Tukampigia simu, tukamwamkia mmoja mmoja, tukamweleza. Akacheka sana. Kwamba bei ikipanda majirani hukimbilia vitunguu, anajua tangu zamani. Asichojua ni wangapi. Mwaka uliofuata hakupanda, akihofia wao watapanda. Kumbe nao walihofia vivyo hivyo. Bei ikapaa, naye hana hata gunia.

Brouwer anatuhakikishia kwamba 50 ipo. Jinsi watu wasioambizana watakavyoifikia, kanuni yake haisemi. Mwalimu wetu wa uchumi anasema wakulima hujifunza kidogo kidogo kutokana na makosa, na wawili kati yetu wanakubaliana naye.

Babu, msimu huu, kapanda nusu shamba.