Muuguzi Mpya na Kungwi Wake

Kila wanapotajwa wauguzi katika mazungumzo yetu na katika magazeti yetu, mambo mawili hayakosi kusemwa: uchache wao na ukali wa ndimi zao. Jambo la tatu, ambalo kwa rai yangu ndilo linalolisha yote mawili, halisemwi ila kwa nadra, nalo ni jinsi muuguzi aliyehitimu jana anavyopokewa wodini leo. Mimi si tabibu wala muuguzi. Ni mkazi wa Kasingirima, katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, mahali ambapo hauishi mwezi bila ya jirani kumpeleka mgonjwa katika hospitali ya Maweni, nami ninao jamaa na watoto wa majirani walioivaa sare hiyo, ambao masimulizi yao ya miezi ya mwanzo yanafanana kiasi cha kumfanya msikilizaji adhani kuwa walisimuliana wao kwa wao kwanza, ndipo wakaja kunisimulia mimi.

Safari ya muuguzi mpya hadi kufika wodini si fupi. Binti aliyefaulu masomo ya sayansi katika kidato cha nne huweza kujiunga na chuo cha uuguzi, kama kile cha Kabanga huko Kasulu kilicho ubavuni mwa hospitali ya misheni, akasoma miaka miwili kwa cheti au mitatu kwa stashahada, na mwenzake aliyebahatika kwenda chuo kikuu husoma minne. Akishamaliza hukabiliwa na mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, kwa kuwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 haimruhusu mtu kufanya kazi hiyo pasipo usajili na leseni. Hayo ni mambo mema, wala sina neno nayo. Baada ya leseni huja kusubiri ajira, kusubiri ambako kwa baadhi yao hupita mwaka baada ya mwaka, huku wakijitolea katika hospitali na zahanati kwa posho ndogo au bila ya posho kabisa. Na ajabu ya mambo ni kwamba yule anayejitolea aghalabu ndiye abebeshwaye zamu nzito, kwa sababu hana pa kulalamikia.

Hatimaye jina hutoka. Mgeni huripoti akiwa na bahasha ya vyeti mkononi, akaambiwa, "Karibu sana, sista," akaonyeshwa kabati la dawa, chumba cha kubadilishia nguo na daftari la ripoti, na baada ya siku chache jina lake huonekana katika orodha ya zamu iliyobandikwa ukutani, katika safu ya usiku, akiwa peke yake au pamoja na mhudumu mmoja wa wodi. Hapo ndipo mapokezi yanapokwisha.

Watu wetu, Ujiji kama Pwani, hawakuwa na desturi ya kumwacha mtu avuke kizingiti kizito akiwa hana wa kumwongoza. Mwari hakupelekwa nyumbani kwa mume ila pamoja na kungwi wake, mtu mzima mwenye siri na subira, ambaye hakuishia kumfunda chumbani tu, bali alikuwa karibu naye katika siku za mwanzo za arusi, akimwelekeza penye shaka, akimsitiri penye aibu na kumkanya penye kosa, na dhima ya mwari yule ikawa shingoni mwake mpaka alipomwona ameiva. Hapakuwa na aliyesema kwamba maadamu mwari amefundwa basi kungwi hana kazi tena. Walakini katika kazi ambayo uhai wa mtu hutegemea kipimo cha dawa na uangalifu wa jicho, sisi sote, Serikali na raia, tumeridhika kwamba cheti chenye muhuri kinatosha kuwa kungwi.

Asiyepata kukesha wodini huenda akadhani kuwa natia chumvi. Na aifikirie wodi ya watoto wakati wa masika, saa nane za usiku, vitanda vingine vina watoto wawili wawili, na hapo analetwa mtoto wa tatu mwenye malaria kali, amelegea mgongoni mwa mama yake. Dawa yake ni artesuneti ya sindano, ambayo ilichukua nafasi ya kwinini baada ya utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo, na kutangazwa mwaka 2010, kuonyesha kuwa huokoa watoto wengi zaidi. Ni dawa njema, lakini haiji ikiwa tayari. Unga wa miligramu 60 sharti uyeyushwe kwanza kwa maji yake ya baikabonati, kichupa kitikiswe mpaka wingu lililomo litoweke, ndipo yaongezwe maji ya chumvi. Kisha kipimo kihesabiwe kwa uzito, miligramu 3 kwa kila kilo kwa mtoto aliye chini ya kilo 20, hata mtoto wa kilo 12 akapata miligramu 36, na sindano ya pili baada ya saa 12, na ya tatu saa 24 tangu ile ya kwanza. Chuoni hesabu hii ni swali la mtihani, nalo hujibiwa kwa kalamu, mchana, mtu ameketi. Wodini hujibiwa huku mshipa ukitafutwa katika mkono mdogo uliokaukiwa maji, dripu ya kitanda cha pili imesimama, bibi wa kitanda cha tano anaita, "Mjukuu wangu, njoo umtazame huyu, macho yanamgeuka," na pengine taa zote zinazimika. Mwenye miaka kumi kazini hujua, hata kabla hajageuza shingo, ni nani wa kukimbiliwa kwanza. Mgeni hana ila ilimu yake, na ilimu isiyozoeshwa kazi hujikwaa wakati wa fazaa.

Nayo si aibu yake. Mwaka 1974 Marlene Kramer, mtaalamu wa uuguzi wa Marekani, alitoa kitabu kizima juu ya mshtuko unaowapata wahitimu wapya wanapotambua kuwa kazi waliyofundishwa na kazi waliyoikuta haziko sawa, na jinsi mshtuko huo unavyowafukuza wengi katika kazi. Na mwaka 1984 mwenzake Patricia Benner alieleza kuwa muuguzi hupanda daraja tano kutoka ugeni hata ubingwa, na kwamba ile daraja ya tatu, ya mtu awezaye kupanga kazi yake mwenyewe na kuimudu, huchukua miaka miwili au mitatu ya kukaa katika kazi ya namna moja. Wanayoyasema mabibi hao yalisemwa juu ya hospitali zenye taa zisizozimika na wauguzi wengi katika kila zamu. Yapime basi kwa mizani ya kwetu.

Hapa nchini mwenye shahada hupewa mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, chini ya usimamizi, kabla hajaachiwa kazi. Mwenye cheti na mwenye stashahada, ambao ndio wengi na ambao ndio wapelekwao kwenye zahanati za mbali, kwa desturi hawapati mwaka huo. Mazoezi waliyoyafanya wakiwa wanafunzi ndiyo yanayohesabiwa kuwa yametosha. Huu mpangilio sijapata kuuelewa insafu yake. Aliyesoma zaidi hulindwa katika hospitali kubwa yenye madaktari wa kuulizwa, na aliyesoma kidogo huabiri boti Kibirizi kwenda kijiji cha ufuoni ambako jirani wa karibu mwenye kujua kazi yake yuko ng'ambo ya maji ya saa kadhaa. Ziwa Tanganyika likichafuka, mama aliyejifungua akatokwa na damu isiyokatika, na sindano ya oksitosini imekwisha kutolewa pasipo kufaa, binti huyo wa miaka 22 ndiye mkunga, ndiye mshauri, na ndiye atakayeulizwa kesho yake kwa nini.

Wala ziwa hili halikosi kuleta mambo makubwa kwa ghafula. Mwezi wa Mei mwaka 2015 maelfu ya wakimbizi wa Burundi walimiminika Kagunga, kijiji kilichobanwa baina ya mlima na maji; kipindupindu kikawaingia, watu zaidi ya 30 wakafariki, na meli kongwe ya Liemba ikawa inakwenda na kurudi kuwaleta Kigoma mjini, ambako uwanja wa michezo wa Lake Tanganyika uligeuzwa kuwa makazi yao ya muda. Katika maradhi kama hayo anayeokoa si bingwa wa upasuaji; ni yule anayeketi kitandani pa mgonjwa, akatia kanula, akahesabu matone, akapima kilichoingia na kilichotoka, akabadilisha chupa kabla haijakauka. Jambo kama hilo halitoi notisi, na wakati wake ukifika hatuna namna ya kuwachagua wazoefu peke yao.

Sasa nije kwenye ndimi. Tumezoea kuandika juu ya muuguzi aliyemfokea mzazi, na tuna haki ya kuandika, maana mwanamke aliye katika uchungu hastahili idhilali. Lakini sijasoma makala inayouliza ni nani aliyemfundisha muuguzi huyo kufoka. Hakufundishwa chuoni. Alifundishwa na usiku ule wa kwanza, na yule aliyemkuta kazini, ambaye alipoulizwa jambo alijibu, "Kwani mlisoma nini huko?" mbele ya wagonjwa, hata mgeni akajifunza kwamba kuuliza ni fedheha na kwamba anayefoka haulizwi. Mwaka wa pili yeye naye huwajibu hivyo hivyo wanaomfuata, na mgonjwa hupata sehemu yake katika urithi huo. Ukali mwingi tunaouona ni khofu iliyokosa pa kwenda.

Tunao ushahidi wa hapa hapa mkoani kwetu kwamba kuwa na mtu pembeni hubadili tabia za wote waliomo chumbani. Baina ya mwaka 2016 na 2018 shirika la Thamini Uhai, kwa kushirikiana na Serikali, lilifanya jaribio katika vituo kadhaa vya Kigoma la kuwawezesha akina mama kuwa na mwenza wa kike wakati wa kujifungua, mtu wa kuwashika mkono, kuwapa maji na kuwatia moyo. Na wazazi wa vituo hivyo walieleza kuridhika zaidi na huduma, wakasema kuwa wahudumu walikuwa wema kwao kuliko walivyosema wazazi wa vituo visivyokuwa na mpango huo. Gharama yake haikuwa mashine wala jengo. Ikiwa mzazi amestahili mwenza, na amestahili, basi mkunga mgeni aliye upande wa pili wa kitanda kile kile amekosa nini?

Ninalolitaka ni dogo. Kila muuguzi mpya, wa cheti, wa stashahada na wa shahada, awekewe kungwi wake kwa miezi mitatu ya mwanzo, na jina la kungwi huyo liandikwe katika orodha ya zamu kando ya jina lake, zamu zao ziende pamoja, na katika muda huo mgeni asiachwe usiku peke yake kwa udhuru wowote. Aliyepangiwa zahanati ya ufuoni akae kwanza miezi hiyo mjini, Maweni au katika kituo cha afya chenye wazazi wengi, ndipo apande boti. Kungwi achaguliwe kwa tabia kabla ya umri wa kazini, na asiyetaka asishurutishwe, kwa maana kungwi wa kulazimishwa ni balaa kuliko kukosa kungwi. Na kazi hiyo ihesabiwe wakati wa kupandisha vyeo. Kama tunaweza kumhesabia mtumishi semina aliyohudhuria na kula chakula chake cha mchana, hatushindwi kumhesabia mtu aliyemlea mwenzake.

Najua jibu nitakalopewa, kwamba wauguzi ni haba, na kuwaweka wawili pahali pa mmoja ni anasa ya nchi tajiri. Hoja hiyo ina uzito kwa mwezi wa kwanza. Kwa mwezi wa sita haina, maana mgeni aliyevunjika moyo huomba uhamisho, au huacha kazi akafungua duka la dawa Mwanga hapa mjini, au hubaki wodini kwa mwili tu, na katika hali zote hizo orodha ya zamu hurudi kuwa na pengo lile lile. Wapo pia watakaosema kuwa wao walitupwa majini wakaogelea. Hao nawauliza tu wakumbuke wenzao wa darasa moja, wangapi wangali katika kazi.

Ajira mpya za afya hutangazwa, na majina hufika kwenye halmashauri zetu pamoja na tarehe ya kuripoti, kwa hiyo hakuna mgeni anayekuja kwa kushtukiza. Diwani wetu, katika kikao kijacho cha baraza la madiwani ambapo taarifa ya idara ya afya itasomwa, anaweza kuuliza maswali mawili yasiyohitaji senti: mwaka huu tumepokea wauguzi wangapi wapya, na kila mmoja wao alikuwa na nani katika zamu yake ya kwanza ya usiku.