Mtoto Kwanza, Hasira Baadaye

Jioni moja, katika kambi mojawapo ya nchi hii, mtoto wa miaka miwili alikunywa mafuta ya taa yaliyokuwa yamewekwa katika chupa ya soda. Mama yake aliona. Hata hivyo hakupiga kelele, wala hakukimbilia zahanati ya kambi. Alimpangusa mtoto mdomo, akambadilisha nguo, akanyamaza, kwa kuwa alimwogopa mumewe aliyekuwa karibu kurudi kutoka lindo. Baada ya saa tatu mtoto akawa anahema kwa shida, na hapo ndipo siri ilipotoka. Namshukuru Mungu, tulisema sote, mtoto akapona baada ya kulazwa siku kadhaa. Lakini mume yule si mtu mbaya. Ni askari hodari, na wengi wetu tunafanana naye.

Sisi tuliopitia vyuo vya kijeshi tumezoea kwamba kila kosa lina mwenyewe. Bunduki ikipotea, swali la kwanza ni nani alikuwa zamu. Utaratibu huo unafaa katika ghala la silaha. Tukiuhamishia jikoni, mke huwa mshtakiwa, yaya huwa shahidi, na mtoto aliyeungua husubiri hukumu.

Tena tuseme kweli kuhusu makao yetu. Wenzetu wa polisi wanazijua zile nyumba za mabati za mviringo ambazo watu wamezibandika jina la "mama ingia pole". Humo sigiri, kitanda, jerikani na mtoto vimo ndani ya hatua nne. Mama anasonga posho huku amempa mlango mgongo. Hakuna mlinzi tunayemweka lindoni usiku na mchana bila kupokewa. Mama huyu hapokewi na mtu.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2008 ilieleza kwamba watoto zaidi ya 2,000 walikuwa wakifa kila siku duniani kwa ajali zisizokusudiwa, za barabarani na za majumbani pia. Nyingi kati ya ajali hizo zingeweza kuzuiwa, na askari hahitaji fedha nyingi kufanya sehemu yake.

Mafuta ya taa yasikae katika chupa ya kinywaji hata kwa usiku mmoja. Mtoto akiyanywa, asitapishwe, wala asilazimishwe kunywa maziwa, kama wengi wetu tulivyofundishwa na bibi zetu. Akitapika, mafuta huweza kuingia mapafuni, na madhara makubwa yako huko. Apelekwe kwa mganga mara moja, na chupa ichukuliwe pia. Mtoto aliyemwagikiwa na chai au uji wa moto avuliwe nguo isiyoganda mwilini, amwagiwe maji safi ya baridi, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20, huku sehemu nyingine za mwili zikifunikwa asipatwe na baridi. Kisha jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi. Samli, dawa ya meno na yai bichi hazina kazi hapo. Na beseni la kufulia limwagwe likishatumika: kichwa cha mtoto mdogo ni kizito, akitumbukia kichwa mbele hawezi kujiinua, hata kama maji hayafiki magotini.

Atatokea afande atakayesema kwamba bila ukali nyumba huzembea. Sisi twamjibu kwamba ukali haukumzuia mtoto yule kuishika chupa. Ulimzuia mama kusema. Mume angejuaje saa ile ile, kama nyumba yake imejifunza kumficha habari? Kamanda anayefichwa habari na kikosi chake anapigana gizani.

Basi tunaomba jambo moja kwa kila mwenye sare mwenye mtoto mdogo. Leo jioni mwambie mama watoto, kwa sauti ya kawaida, kwamba likitokea lolote akupigie simu kwanza, na kwamba hutauliza ni nani aliyekosa. Mwambie pia, kama uko lindoni au safarini, ni mlango gani wa afisa wa zamu atakaoubisha usiku kuomba gari.