Maji ya Kipushi: nani anayapima, nani anaonyesha karatasi?

Kila anayechemsha maji ya chini ya ardhi ya Kipushi anajua ukoko mweupe unaobakia mu birika. Sabuni haitoi povu haraka, maharagi yanachelewa kuiva na makala yanaisha. Wamama wengi wanasema: maji haya ni mabaya, yataharibu figo za watoto. Wengine wanaacha robine na kwenda kuchota ku kisima kifupi ao ku mto, kwani kule maji ni laini na sabuni inashika vizuri. Hapo njo tunakosea, na kosa hilo linaweza kuleta ugonjwa mu nyumba.

Tuanze na jiwe. Chini ya Kipushi kuko jiwe la chokaa na dolomiti. Wajiolojia wanaliita Kakontwe, jina la pahali karibu na Likasi pa kuchimba chokaa. Zinki na shaba ya Kipushi inalala mu jiwe hilo hilo, na watu wanaichimba tangu 1924. Maji yanapita mu nyufa zake, yanayeyusha kalsiamu na magnesiamu polepole. Ukiyaweka ku moto, chokaa inatoka na kushika ku nyungu. Maji laini ya kisima kifupi ni maji ya mvua yaliyoingia juu juu mu udongo, pamoja na uchafu wa choo na wa mitaro. Hayakukaa mu jiwe, njo maana hayana ukoko.

OMS haikuweka kipimo cha mwisho cha ugumu wa maji kwa sababu ya afya. Inasema tu kwamba kupita karibu miligramu 200 mu litre moja, tiyo na birika zinaanza kushika ukoko. Kalsiamu yenyewe mwili unaihitaji. Kwa mutu anayetoka jasho siku nzima mu mine, hatari kubwa ya figo ni kunywa maji kidogo.

Wenye kufanya kazi ku viwanda vya asidi wanajua tena jambo lingine: ukitaka kutuliza asidi, unaweka chokaa. Tarehe 18 Februari 2025, kule Zambia karibu na Chambishi, bwawa la takataka za kampuni Sino-Metals lilibomoka. Asidi ikaingia mu maji yanayokwenda ku mto Kafue, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji ya robine. Serikali ilituma hata ndege kumwaga chokaa mu mto. Kitu kinachotuchukiza mu birika njo kile walichotumia kuokoa Kafue. Lakini tusidanganyike: chokaa inapunguza asidi, haiondoi kila metali. Maji yenye ukoko yanaweza kuwa mazuri, yanaweza pia kuwa na sumu. Ukoko hausemi lolote juu ya hiyo.

Hatari ziko mbili, na zote mbili hazionekani. Ya kwanza ni vijidudu. Umeme ukikatika, pompi inasimama, tiyo inabakia bila nguvu, na maji machafu ya mitaro yanaingia ku matundu. Maji yakirudi, yanaleta uchafu huo mpaka ku robine. Kipindupindu na kuhara vinapitia hapo. Dawa yake tunaijua: kuchemsha, ao kutia klori.

Ya pili ni metali. Madini ya Kipushi hayana zinki na shaba tu, yana pia risasi, arseniki na kadmiamu. OMS inaomba risasi isipite mikrogramu 10 mu litre, arseniki 10, kadmiamu 3. Jicho haliwezi kuona hiyo, ulimi hauwezi kuonja. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, metali inabakia. Mu mwaka 2009, watafiti wa chuo kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo vya watu wa Katanga. Wale wanaokaa karibu sana na mine ao viwanda, chini ya kilometre 3, walikuwa na kobalti nyingi kupita wengine. Inaingia kwa vumbi na kwa chakula pia, si kwa maji peke yake. Lakini kwa maji, laboratwari tu njo inaweza kujibu.

Sasa, nani apime? Mine ya Kipushi ilisimama 1993, na mu 2024 imeanza tena kutoa zinki, chini ya KICO, kampuni ya Ivanhoe na Gécamines. Kampuni imeandika mu ripoti zake kwamba inasaidia stesheni ya maji ya mji: umeme, dawa ya kusafisha, kutengeneza tiyo kubwa zikipasuka. Ni msaada mkubwa, hakuna wa kuukataa. Lakini mwenye kuchimba akiwa njo mwenye kusaidia maji, vipimo vinapaswa kufanywa na mutu mwingine, na karatasi ionekane kwa wote. Hiyo inalinda mukaaji, inalinda na kampuni.

Feza ya kufanya hiyo sheria imeipanga. Code ya mine ya 2018 inapatia entité ya pahali panapochimbwa 15% ya redevance. Inaomba tena kampuni kuweka angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Kupima maji mara mbili kwa mwaka, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, ni sehemu ndogo sana ya feza hiyo.

Kwa hiyo delege wa syndicat na ma-shefu wa kartye wanaweza kuuliza maswali haya ku mkutano unaokuja: maji yalipimwa lini mara ya mwisho, na laboratwari gani? Risasi, arseniki na kadmiamu vilikuwa ngapi? Karatasi itabandikwa lini ku commune, ku hospitali na ku makanisa?

Tukingojea jibu, tusikimbie robine. Umeme ukirudi, tuache maji ya kwanza yapite, kisha tuchemshe ya kunywa. Ukoko wa birika unatoka na ndimu ao siki.