Kibao cha Skuli ni Ahadi



Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imesemwa mara nyingi katika kamati yetu tangu ilipotufikia barua ya jamaa zetu walioko Bugarama, katika Halmashauri ya Msalala, Mkoa wa Shinyanga. Jamaa hao ni watoto wa wanachama wenzetu, waliovuka bahari kwenda kufanya biashara ya nguo karibu na mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu. Wao na majirani zao Wasukuma wamefungua skuli ndogo ya maandalizi, ambayo watu wa bara huiita chekechea. Sasa wataka kuifanyia nembo yake na kibao cha kusimamisha njiani ili wazee wapate kuijua. Wametuuliza nembo iwe ya namna gani, na kama chama chaweza kuwasaidia katika gharama.

Walio wengi katika kamati walicheka. Walisema kwamba skuli ikiwa njema, khabari zake zitafika kila nyumba bila ya rangi wala bati. Na ikiwa mbaya, kibao kitaitangaza aibu yake tu. Wengine walisema kuwa fedha za chama ni fedha za karafuu, na karafuu hazikuchumwa ili kupambia njia za Bugarama. Sisi hatukubaliani nao, na twaomba ruhusa ya kueleza kwa nini.

Kwanza yafaa kujua mahali penyewe. Bulyanhulu ni mgodi mkubwa wa chini ya ardhi, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2001. Lakini kuuzunguka, na kuendelea mpaka Geita, wako maelfu ya wachimbaji wadogo wenye sururu, makarai na vinu vya kusagia mawe. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto katika machimbo madogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya. Lilikuta watoto, wengine wa umri wa miaka minane tu, wakichimba, wakiponda mawe na wakishika zebaki kwa mikono. Zebaki huudhuru ubongo, na udhara wake ni mkubwa zaidi kwa mtoto ambaye ubongo wake ungali wakua. Mtoto wa miaka minne haajiriwi na mtu, lakini mama yake aendapo kuponda mawe humchukua, kwa kuwa hana pa kumwacha. Hapo ndipo mtoto anapoizoea njia ya mashimoni kabla hajaijua njia ya skuli.

Basi mama huyo ndiye tunayemzungumzia. Yeye ni mgeni katika mji uliojaa wageni. Hana shangazi wa kumwambia kuwa nyuma ya duka fulani pana mwalimu mwema. Methali yetu ilitungwa na watu waliojuana nyumba kwa nyumba, na kwao ni kweli. Waama kibao hakijitembezi. Kimekaa mahali pamoja, mvua na jua, kikimwonyesha mpitaji mlango. Anayejitembeza ni yule apitaye nyumba kwa nyumba akijisifu, na hilo hatukuliunga mkono.

Lakini yatupasa kukubali kwamba hofu ya wenzetu ina msingi. Sote tumeona, mijini na hata mashamba, vibao vikubwa kuliko skuli zenyewe. Kibao chasema «International», na ndani mna chumba kimoja kisicho dirisha. Kibao chaahidi Kiingereza, na mwalimu mwenyewe hakijui. Mzazi maskini huuza mbuzi wake kwa ajili ya neno lile lililoandikwa kwa rangi nyekundu. Hii ni hadaa, na hadaa afanyiwayo mtoto haiwezi kulipwa tena, kwa sababu mwaka wake wa tano haurudi.

Sisi wakulima wa karafuu tulijue jambo hili kuliko watu wengine wote. Gunia letu likitiwa alama ya daraja la kwanza, kila alionaye, hapa na ng'ambo, huamini kwamba ndani hamna makonyo, hamna vumbi, na karafuu zimeanikwa zikakauka barabara. Mwenye kutia maji gunia lake moja huwaharibia jina wote walioanika kwa uaminifu. Kwa hivyo alama ni ahadi, wala si pambo. Na ahadi huandikwa baada ya kuwapo kitu cha kuahidi.

Katika jambo hili la ahadi, neno la kwanza kwenye kibao ni jina, na jina lina sheria yake. Huko bara, kituo cha kulelea watoto wadogo mchana husajiliwa na idara ya ustawi wa jamii kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Skuli ya awali husajiliwa na wizara ya elimu. Hivyo ni vitu viwili mbalimbali. Asiyekuwa na usajili wa skuli asiandike «skuli». Aandike kile alicho nacho, na nambari ya usajili chini yake. Tena wenzetu wasisahau kwamba Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilikusudia kila mtoto apate elimu ya awali kwa muda usiopungua mwaka mmoja, na tangu mwaka 2016 skuli za serikali hazitozi ada katika madarasa hayo. Mzazi ana haki ya kuuliza: kwa nini nilipe kwenu? Kama jawabu ni kwamba watoto wa darasa la serikali wamejaa pomoni, au kwamba skuli ile iko mbali na njia yake ina mashimo, basi hilo ni jawabu zuri. Lakini ada iandikwe wazi, wala mzazi asiijue baada ya mtoto kwisha kushonewa sare.

Sasa tuje kwenye nembo. Tuitazame nembo ya taifa letu, ambayo kila mmoja wetu huiona lakini wachache huisoma. Miguuni pa mwanamume pana mkarafuu. Miguuni pa mwanamke pana mpamba. Sehemu ya juu ya ngao ni ya rangi ya dhahabu, yaani madini ya nchi, na juu yake mwenge wawaka. Basi katika kipande kimoja wamo watu wa Pemba na watu wa Shinyanga, wamo na wachimbaji, na hapana aliyeandikiwa jina lake. Hiyo ndiyo kazi ya nembo: asiyejua kusoma aelewe. Na skuli ya maandalizi ina wanafunzi ambao wote hawajui kusoma, na wazee ambao baadhi yao hawakupata nafasi hiyo.

Kwa hivyo shauri letu juu ya nembo ni fupi. Iwe kitu kimoja, na kiwe kitu ambacho mtoto wa miaka minne aweza kukichora kwa kijiti mchangani. Mpamba uliopasuka wafaa, na ng'ombe pia afaa. Watoto wa Usukuma wavijua vyote viwili kabla ya kujua herufi. Mwenge, kitabu, kalamu, dunia na jua linalochomoza, vyote pamoja katika duara moja, havifai. Huo ni msongamano. Wala wasichore panya na bata wa sinema za Kimarekani. Sanamu hizo zina wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki ya bara ya mwaka 1999 yamlinda mwenye mali, awe wa hapa au wa mbali. Zaidi ya hayo, mtoto wa Bugarama hakosi wanyama wake hata aazime wa watu. Twiga naye ni mnyama wetu sote, lakini kwa kuwa kampuni inayosimamia mgodi wa Bulyanhulu yaitwa Twiga Minerals, mzazi aweza kudhani kwamba skuli ni ya mgodi na kwamba mgodi ndio utakaolipa. Hapo alama itakuwa imesema uwongo bila ya mwenyewe kukusudia.

Jina nalo liwe dogo la kutamkika. Hapa Unguja na Pemba tuna mfano mwema wa vituo vya Tutu, ambavyo watoto wake walisomeshwa kwa vipindi vya redio. Tutu ni ufupisho wa maneno mawili tu: Tucheze, Tujifunze. Mtoto hulitamka, na mzazi hujua mara moja kinachofanyika mle ndani. Hatujui jina la Kiingereza lililofanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Liko jambo moja ambalo twaliona kubwa kuliko rangi zote, nalo ni njia. Barabara za huko hupita malori mazito ya mgodi na pikipiki zisizohesabika. Kibao kikisimamishwa ukingoni mwa barabara kubwa, watoto nao watakusanyika ukingoni mwa barabara kubwa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeweka hifadhi ya mita 30 kila upande, toka katikati ya barabara kuu na za mkoa, na hairuhusiwi kujenga au kusimika kitu humo bila ya idhini. Basi wenzetu waende kwanza kwa wenye barabara, waombe pia alama ile ya pembe tatu yenye ukingo mwekundu na picha ya watoto, inayomwonya dereva. Kibao chao wenyewe wakiweke kwenye njia ya ndani, mahali mzazi asimamapo kwa usalama. Kibao kinachomleta mtoto skuli na kumvusha mbele ya lori hakijamfaa kitu.

Kuhusu ufundi, hakuna haja ya kuagiza kitu mjini. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora kwa rangi za mafuta za kawaida juu ya vipande vya ubao, na leo dunia nzima yajua michoro ya namna yake. Bugarama haikosi fundi wa kuandika maduka. Apewe bati safi, alipake rangi ya kutangulia ili lisile kutu, na nguzo iwe ya bomba la chuma, maana mchwa wa huko hawana huruma. Maneno yawe machache: jina, nembo, umri wa watoto, saa za masomo, nambari ya usajili. Herufi ya inchi moja husomeka vizuri kwa kadiri ya futi kumi. Mwenye kutaka isomwe toka futi hamsini aandike za inchi tano. Rangi nyekundu hupauka upesi juani. Nyeusi juu ya manjano, au nyeupe juu ya buluu iliyokoza, hudumu na huonekana.

Lakini tusisahau utaratibu wa mambo. Skuli za maandalizi za madrasa zilizoanza Mombasa katika miaka ya 1980, kwa kazi ya Bi Swafiya Said na wenziwe, na kufika kwetu Zanzibar mwaka 1990, zilianza na mafunzo ya walimu na kamati za wazee. Vifaa vyake vilikuwa vifuu, makombe, vizibo na mbegu, vitu ambavyo mtu mwingine angevitupa. Zilijulikana kwa sababu mtoto alirudi nyumbani akijua kuhesabu, kuimba na kusema salamu. Kwa hiyo mwalimu kwanza, kisha choo na maji, kisha usajili. Kibao ni cha nne. Asiyekuwa na vitatu vya kwanza asiombe cha nne.

Shauri letu, basi, ni hili. Chama kisaidie gharama za bati, bomba na rangi, wala kisitoe zaidi ya hapo. Fedha zisitoke mpaka tuletewe nakala ya usajili na majina ya wazee waliomo katika kamati ya skuli, wa kwetu na wa Kisukuma pamoja. Wasiotaka waje katika mkutano mkuu wakatae mbele za watu, na sisi tutawasikiliza. Lakini wasikatae kwa sababu ya umbali. Mwanachama ambaye mjukuu wake yuko Bugarama amelipa ada ya chama hiki kama sisi tuliobaki kuchuma.

Na kabla ya mkutano huo, kila mwanachama na apite mbele ya skuli ya maandalizi iliyo karibu naye hapa kisiwani, akisome kibao chake, kisha aingie ndani aone kama yaliyoandikwa nje ndiyo yaliyomo. Akikuta sivyo, asingoje barua kutoka mbali.